Mwenda Jean-Bosco: gitare ya Katanga iliyofika mpaka Marekani

Mwezi wa Septemba 1990, ajali ya gari nchini Zambia iliondoa maisha ya Jean-Bosco Mwenda, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Alikuwa na karibu miaka 60. Shaba, ndiyo Katanga ya leo, ilimpoteza mpiga gitare aliyesikika mbali kuliko wenzake wote.

Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji wa mfalme Msiri. Wazee wa Bayeke walitoka Unyamwezi, upande wa Tanzania ya leo, na jina la Mwenda ndilo wanaloitwa wafalme wao.

Mwaka 1952 alikuwa bado kijana wa Jadotville, yaani Likasi, wakati Hugh Tracey alipomkuta huko. Tracey alikuwa Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka nchi nyingi akirekodi muziki wa Waafrika. Bosco alipiga gitare kavu kwa vidole viwili tu, dole gumba na kidole cha shahada. Dole gumba lilishika besi, kidole cha pili kikacheza sauti za juu, na asiyemwona angeapa kwamba wapigaji ni wawili. Wimbo wake Masanga ulitoka kwenye santuri za Gallotone na kuenea. Wataalamu wa Ulaya waliuandika nota kwa nota, na wanaojifunza gitare wanahangaika nao hata sasa.

Jambo lingine lililomsaidia ni lugha. Aliimba nyimbo nyingi kwa Kiswahili cha Katanga, kwa hiyo santuri zake hazikuhitaji mkalimani Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, akasikika redioni, na vijana wa Kenya wakaanza kuiga vidole vyake. Edouard Masengo, mwenzake wa Katanga, naye alipita njia hiyo.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Baada ya uhuru, orkestra za Léopoldville na gitare zao za umeme ziliteka dansi. Bosco naye aliongoza orkestra, lakini mkate wake ulitoka kwingine: kazi ya serikali, benki, kisha kompanyi ya madini hapa Lubumbashi. Alikuwa pia na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Mfanyakazi huyo huyo ndiye aliyepanda jukwaa la Newport, Marekani, mwaka 1969, kwenye tamasha kubwa la muziki wa asili. Ajabu, wageni ndio waliokuwa wakimtafuta. Mwingereza John Low alisafiri mpaka Shaba kujifunza kwake, na mwaka 1982 akatoa kitabu juu ya safari hiyo.

Mwaka 1988 aliingia studio mjini Cape Town, akarekodi tena nyimbo zake, Masanga ikiwemo. Miaka miwili baadaye alikuwa amekwisha kufa.