August Hermann Francke na Sanduku la Maskini

Wengi wetu tumelisikia jina la August Hermann Francke wa mji wa Halle, kwa kuwa wamisionari wa kwanza wa Kilutheri waliokwenda Bara Hindi walikuwa wanafunzi wa mji ule. Lakini jinsi alivyopata fedha za kuwalisha mayatima na wanafunzi wa chuo kikuu, na watu waliomsaidia katika kazi hiyo, si wengi wazijuao habari zao.

Francke alizaliwa mwaka 1663 katika mji wa Lübeck, Ujerumani ya kaskazini, akalelewa Gotha. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye alifariki mtoto akiwa angali mdogo. Alisoma lugha za Biblia, hata akawa mwalimu huko Leipzig. Mwaka 1687, alipokuwa Lüneburg akitayarisha hotuba ya kanisani, aliona ya kuwa yeye mwenyewe hana imani ile atakayoihubiri. Alipiga magoti kwa uchungu, akainuka mtu mwingine. Tangu hapo mahubiri yake yaliwapendeza wengine na kuwachukiza wengine. Mwaka 1691 alifukuzwa Erfurt. Mchungaji Spener akamwombea nafasi Halle, ambako chuo kikuu kipya kilikuwa kikianzishwa, na mwaka 1692 akafika huko, awe mwalimu wa Kiyunani na lugha za mashariki, na tena mchungaji wa Glaucha, kijiji kilichokuwa nje ya kuta za mji. Mshahara wake wa chuoni ulikuwa si kitu.

Glaucha palikuwa mahali pa umaskini na ulevi. Kila Alhamisi maskini walikuja mlangoni pa mchungaji kuomba mkate. Siku moja Francke akawaingiza ndani, wakubwa kwa wadogo, akaanza kuwauliza watoto maswali ya Katekisimo, akaona hawajui lo lote. Hawakuwa na fedha ya kumlipa mwalimu. Basi mwanzoni mwa mwaka 1695 alitundika sanduku la sadaka chumbani mwake, na juu yake akaandika neno la Yohana juu ya mtu amwonaye ndugu yake ni mhitaji akamzuilia huruma zake. Karibu na Pasaka mwanamke mmoja akatia humo taleri 4 na grosheni 16. Taleri moja ilikuwa grosheni 24, hivyo haikuwa mali nyingi. Lakini Francke aliipokea kama mtaji wa kazi kubwa. Siku ile ile alinunua vitabu vya taleri 2, akamwajiri mwanafunzi maskini wa chuo awafundishe watoto saa mbili kila siku kwa grosheni 6 kwa juma.

Watoto waligawiwa vitabu 27, wakaenda navyo nyumbani. Vilivyorudi vilikuwa 4 tu. Mtu mwingine angalifunga shule siku hiyo. Francke alinunua vingine, akaagiza visitoke tena chumbani baada ya masomo.

Mwaka huo huo mtu mwenye cheo alimpelekea taleri 500 za kuwagawia maskini, hasa wanafunzi maskini wa chuo kikuu. Kwanza Francke aliwapa fedha kidogo kidogo kila juma. Lakini mwaka 1696 aligeuza desturi hiyo, akawawekea meza ya chakula, nao waliokula wakawajibika kufundisha watoto katika shule zake. Tazameni akili ya jambo hili. Zawadi moja ilimlisha mwanafunzi, ikampa mtoto mwalimu, ikamzoeza mwalimu kazi yake. Na mtoaji aliweza kuyaona yote matatu kwa macho yake.

Lakini kazi ilizidi nguvu za mtu mmoja, na hapa ndipo ninapomsifu Francke kuliko mahali pengine. Alijua kuwachagua watu, na akiisha kumchagua mtu alimwachia kazi yake. Mwaka 1697 alimtuma Neubauer, aliyekuwa angali mwanafunzi, aende Uholanzi kuzitazama nyumba za mayatima za huko, ajue vipimo, na gharama, na taratibu zake. Ndiye aliyesimamia ujenzi wa jumba kubwa ambalo msingi wake uliwekwa mwaka 1698. Elers alianza biashara ya vitabu mwaka ule ule, akiwa na hotuba moja ya Francke iliyopigwa chapa, ambayo aliichukua kwenye soko kuu la Leipzig. Kutoka kwa hotuba ile likatokea duka, kisha kiwanda cha kupigia chapa. Daktari Richter alitengeneza dawa zilizouzwa hata nchi za mbali, na faida yake ikawa nguzo ya nyumba. (Kama dawa hizo ziliponya kama zilivyosifiwa, waganga wa leo wangekuwa na maswali mengi.) Tena Baron von Canstein wa Berlin, tajiri aliyejua milango ya wakuu, alianzisha mwaka 1710 kazi ya kupiga chapa Biblia kwa bei ndogo. Herufi ziliachwa zimepangwa daima bila kuvunjwa, hata Agano Jipya likauzwa kwa grosheni 2. Alipokufa mwaka 1719, sehemu kubwa ya mali yake aliiachia nyumba ya Halle.

Yasimuliwa ya kwamba mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza, alipoitembelea nyumba mwaka 1713, alimwuliza Elers apata faida gani katika biashara ile kubwa, naye akajibu kuwa hana kitu ila riziki yake na nguo alizovaa.

Msidhani mambo yalikwenda bila matata. Mara nyingi siku ya kuwalipa wajenzi ilifika na mfuko ni mtupu, msimamizi akaja kuuliza fedha, na Francke hakuwa na la kumjibu ila kwenda kuomba. Watu walicheka, wakisema jumba ni kubwa mno kwa mayatima. Wachungaji wa mjini walimshtaki, na minong'ono ikaenea juu ya fedha za watu. Mwaka 1700 serikali ikatuma wajumbe kuichunguza kazi yake. Kama wangaliona hesabu zimeharibika, nyumba ingalifungwa na watoto wangalirudi njiani. Wakaziona hesabu ni safi.

Baada ya hayo, mwaka 1701, Francke alitoa kitabu cha habari za nyumba, akieleza zawadi zilizopokelewa, kubwa na ndogo, na jinsi zilivyotumika, pasipo kuwataja watoaji waliotaka kufichwa. Mjane aliyeleta senti zake alihesabiwa humo pamoja na watu wa enzi. Kitabu kilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1705, kikavuka bahari hata Boston, ambako mchungaji Cotton Mather alikisoma akapeleka dhahabu Halle. Wako wasemao kwamba mtu aliyeandikia wakuu barua nyingi hivi hawezi kudai kumtumaini Mungu peke yake. Mimi sioni hivyo. Mkulima aombaye mvua hushika jembe vile vile.

Vivyo hivyo ilifanyika kwa misioni. Ziegenbalg na Plütschau, waliosoma Halle, walitumwa na mfalme wa Denmark, wakafika Tranquebar mwaka 1706; na barua zao zilipigwa chapa Halle tangu mwaka 1710, zikasomwa nyumbani mwa watoaji wa Ujerumani na Uingereza. Kazi ile ya Tranquebar ilirithiwa katika karne ya 19 na misioni ya Leipzig, ambayo watu wake walifika Kilimanjaro mwaka 1893.

Francke alifariki tarehe 8 Juni 1727. Siku hizo nyumba ilikuwa na mayatima 134, na watoto zaidi ya 2,000 walifundishwa katika shule zake, na wanafunzi 255 wa chuo kikuu walikula mezani pake. Elers alimfuata mwaka uliofuata.