Kardinali Lavigerie na uovu unaovuka mipaka



Unakumbuka habari za Yusufu mwana wa Yakobo. Ndugu zake walimuuza kwa vipande 20 vya fedha, wafanyabiashara wakampeleka Misri, na baba yake akabaki Kanaani akililia kanzu yenye damu. Huko Misri hapakuwa na mtu wa kuuliza kijana huyu ametoka wapi. Hiyo ndiyo nguvu ya wauza watu wa nyakati zote: wanajua kwamba wakishavuka mpaka, anayewafuatia atasimama. Dominika ya leo nakualika tumtazame mtu aliyekataa kusimama mpakani, Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe.

Alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1825 karibu na Bayonne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Alipewa daraja ya upadre mwaka 1849, akafundisha historia ya Kanisa katika Chuo Kikuu cha Sorbonne, Paris. Angeweza kuzeekea kwenye vitabu. Lakini mwaka 1860 Wakristo wengi waliuawa Lebanon na Dameski, naye akaenda kupeleka misaada. Huko alikutana na Emir Abdelkader, Mwislamu wa Algeria aliyekuwa uhamishoni, ambaye alikuwa amewaokoa maelfu ya Wakristo wasichinjwe. Padre yule akajionea mapema kwamba anayemtetea mnyonge si lazima awe wa dini yako.

Mwaka 1863 alifanywa askofu wa Nancy, na mwaka 1867 askofu mkuu wa Algiers. Alikuta njaa kali, akakusanya mayatima. Mwaka 1868 akaanzisha shirika lake. Miaka 10 baadaye msafara wa kwanza wa wanawe uliondoka Bagamoyo kwenda Tabora, na kutoka hapo wengine wakaelekea Ujiji, wengine Nyanza hadi Uganda. Barua zao zilimfikia Algiers zikieleza vijiji vilivyochomwa moto na watu waliofungwa minyororo shingoni.

Labda utauliza: je, biashara hiyo haikuwa imekwisha kupigwa marufuku? Ndiyo. Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, na manowari za Waingereza zilikuwa zikifanya doria baharini. Lakini tazama wafanyabiashara walivyojipenyeza. Bahari ilipobanwa, misafara ilipita nchi kavu. Jahazi likipandisha bendera ya Ufaransa, Mwingereza hakuwa na ruhusa ya kulipekua. Bunduki za kuvamia vijiji zilitoka viwanda vya Ulaya. Kila serikali ilifanya kazi upande wake, na wauza watu walipita katika nyufa zilizobaki kati ya serikali na serikali.

Mwaka 1888, akiwa kardinali mwenye umri wa miaka 62, Lavigerie alipewa na Papa Leo XIII kazi ya kuyaamsha mataifa. Mwezi Julai alihubiri Paris katika kanisa la Saint-Sulpice, kisha akaenda London, akaendelea hadi Brussels na Roma. Fikiri jambo hili: Mfaransa anakwenda kuwaomba Waingereza, na kardinali anaketi pamoja na Waprotestanti waliokuwa wakipigana na utumwa muda mrefu kabla yake. Hakungoja tofauti zao ziishe ndipo amwone aliyefungwa minyororo.

Tarehe 18 Novemba 1889 mkutano wa mataifa ulifunguliwa Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 mataifa 17 yakatia sahihi mkataba. Dola ya Wauthmani, Uajemi na Zanzibar zilikuwamo. Walikubaliana kuzuia uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kudhibiti bendera na hati za majahazi, na kuweka Zanzibar ofisi ya kupashana habari. Hata hivyo Ufaransa, nchi ya kardinali mwenyewe, ilipouidhinisha mkataba iliviacha vifungu kuhusu upekuzi wa vyombo baharini.

Tusifiche upande wa pili. Waliokaa mezani Brussels ndio waliokuwa wakigawana Afrika. Mfalme Leopold II, mwenyeji wao, aliitawala Kongo kwa jina la kupambana na utumwa, huku watu wa huko wakiteswa ili walete mpira. Lavigerie aliziamini mno serikali za Ulaya. Ushirikiano wa mataifa ni jambo jema, lakini yule anayeteswa asipokumbukwa mezani, wenye nguvu hushirikiana kwa faida yao.

Alifariki Algiers tarehe 26 Novemba 1892. Kama unataka kuona tunda la kazi yake, nenda Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko alifanya kazi Adriano Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa na kuuzwa, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea utabibu Malta. Aliwatibu watu wa Karema kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956. Wauza watu walimvusha mipaka ili awe mali ya mtu. Waliomkomboa walimvusha mipaka pia, naye akawa tabibu wa maelfu.

Ndugu msomaji, biashara hii haijafa, imebadili nguo. Leo binti haburutwi kwa mnyororo. Anaahidiwa kazi nzuri ng'ambo, anakatiwa tiketi, akifika ananyang'anywa pasipoti. Mataifa yamekubaliana tena, kwa itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, na Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008. Kanisa nalo huwaombea waathirika kila tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyekuwa mtumwa Sudan.

Lakini mkataba hauwezi kumwona binti wa jirani yako akifungasha begi. Wewe unaweza. Muulize: nani amekuitia kazi hiyo? Mkataba wako uko wapi? Ukifika utampigia nani? Kama majibu hayaeleweki, zungumzeni na wazazi wake, na mpeleke habari polisi kabla hajaondoka. Na akisharudi akiwa amevunjika moyo, jumuiya isimcheke. Mpokeeni.

Kaini aliulizwa alipo ndugu yake, naye akajifanya hahusiki. Swali hilo tutaulizwa sisi pia, na kusema kwamba ndugu yetu alikwisha kuvuka mpaka hakutakuwa jibu.