Wilhelm Röntgen na Miali Yake

Wilhelm Röntgen alizaliwa Lennep, Ujerumani, mwaka 1845, akakulia Uholanzi. Alipokuwa mwanafunzi huko Utrecht, mwenzake alimchora mwalimu kwa mzaha. Röntgen alikataa kumtaja mwenzake, akafukuzwa yeye. Hakukata tamaa, alikwenda kusoma Zürich, na baadaye akawa profesa wa fizikia.

Jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, aligundua miali isiyoonekana kwa macho, ipitayo katika nyama na kuzuiwa na mfupa. Mwezi uliofuata aliupiga picha mkono wa mkewe, Bertha; mifupa na pete vikaonekana. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya fizikia. Fedha zake alikipa chuo kikuu, na uvumbuzi wake hakuufanya mali yake, ili watu wote wafaidike.

Mwaka 1913 daktari Albert Salomon wa Berlin alieleza jinsi alivyopiga picha matiti 3,000 yaliyokatwa, akaona alama za saratani. Huo ndio mwanzo wa mamografia, ambayo huweza kuonyesha uvimbe kabla vidole havijaugusa. Lakini titi la msichana lina nyama nzito inayoficha uvimbe. Umri ukiongezeka, picha huwa wazi zaidi. Ndiyo maana nchi nyingi hupima wanawake wa miaka 50 hadi 69, na huko Marekani tangu 2024 washauri wa afya wanataka waanze na 40.

Röntgen alikufa Munich mwaka 1923, kwa saratani ya utumbo. Ndugu msomaji, waambie mama na dada zako: aitwaye kupimwa asiogope, na aonaye uvimbe aende hospitali mara moja, asingoje umri.