Martin Luther: Safari ya Kutafuta Moyo Safi

Tunapoadhimisha miaka mia moja ya usharika wetu, inatupasa kumkumbuka mtumishi wa Mungu ambaye Kanisa letu linaitwa kwa jina lake, hasa jinsi alivyotaabika kutafuta usafi wa moyo.

Martin Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483 huko Eisleben, Ujerumani. Baba yake, Hans, aliyeendesha shughuli za machimbo ya shaba, alitamani mwanawe awe mwanasheria. Lakini tarehe 2 Julai 1505, karibu na kijiji cha Stotternheim, kijana huyo alikumbwa na dhoruba ya radi. Kwa hofu ya kifo aliweka nadhiri, na siku chache baadaye akaingia katika nyumba ya watawa wa Augustino mjini Erfurt.

Humo alifunga, alikesha katika maombi na kuvumilia baridi kali. Aliungama kwa saa nyingi. Na kila alipomaliza alikumbuka kosa jingine, akarudi tena. Kadiri alivyojisugua, ndivyo alivyozidi kuuona uchafu wake. Mlezi wake, Johann von Staupitz, alimwelekeza ayatazame majeraha ya Kristo badala ya kujitazama mwenyewe. Tena alimhimiza asome hata akawa daktari wa theolojia mwaka 1512, akafundisha Maandiko Matakatifu mjini Wittenberg.

Alipokuwa akizifundisha Zaburi na Waraka kwa Warumi, nuru ilimzukia. Alitambua kwamba haki ya Mungu ni vazi ambalo Mungu mwenyewe humvika mwenye dhambi aaminiye. Usafi alioutafuta kwa jasho ulikuwa zawadi.

Kwa sababu hiyo hakuweza kunyamaza msamaha ulipouzwa kwa vyeti. Tarehe 31 Oktoba 1517 alitoa hoja 95, ya kwanza ikieleza kuwa maisha yote ya mwamini ni toba. Mwaka 1521, mbele ya Kaisari mjini Worms, alikataa kuyakana maandishi yake. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliufafanua Ubatizo kuwa jambo la kila siku: utu wa kale hufa kwa toba, na utu mpya huinuka.

Yatupasa kusema kweli yote. Mwaka 1543 Luther aliandika maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, nayo yakaacha madhara makubwa. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa hadharani mwaka 1994. Mwalimu wa toba naye alihitaji toba.

Alifariki tarehe 18 Februari 1546 mjini Eisleben, palepale alipozaliwa. Katika maandishi yake ya mwisho alikiri kwamba sisi sote ni ombaomba mbele za Mungu.

Hilo ndilo fundisho lake kwa usharika wenye umri wa karne moja. Wako miongoni mwetu walioanguka wakarudi kundini, na wako ambao hadi leo husimama mbali na madhabahu wakingoja kwanza wawe safi. Luther alingoja hivyo kwa miaka mingi, asiufikie usafi huo. Alipokuja mikono mitupu, alipokelewa. Mlango huo ungali wazi.