Rudolf Diesel na Injini Yake

Ndugu msomaji, umewahi kupeleka mahindi mashineni? Umewahi kupanda boti ya injini Mbamba Bay au Liuli? Basi huenda umesikia mlio wa injini ya dizeli. Je, wajua kuwa Diesel lilikuwa jina la mtu?

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani. Mwaka 1870 vita vilitokea, nao wakahamia London. Rudolf alikuwa na miaka 12. Alipelekwa kwa jamaa zake huko Augsburg, Ujerumani. Akasoma kwa bidii.

Siku hizo viwanda vilitumia injini za mvuke. Zilikula makaa mengi, na joto jingi lilipotea bure. Diesel alitaka injini isiyopoteza joto hivyo.

Ukijaza upepo baiskeli, pampu hupata moto. Hewa ikibanwa hupata joto. Katika injini ya Diesel, hewa hubanwa sana hata mafuta yakiingia huwaka yenyewe, bila cheche.

Jaribio la mwaka 1893 lilileta mlipuko. Diesel hakukata tamaa. Mwaka 1897 injini yake ilifanya kazi vizuri.

Mwanzoni alifikiria kutumia vumbi la makaa ya mawe, kama makaa ya Ngaka, Mbinga. Lakini majivu hukwaruza chuma. Mafuta ya maji yalifaa zaidi. Mwaka 1900, injini ya aina hiyo ilionyeshwa Paris ikitumia mafuta ya karanga.

Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913, Diesel alitoweka melini akienda Uingereza. Maiti yake ilionekana baharini baadaye. Alikuwa na madeni mengi.

Ndugu msomaji, injini huishi kwa mafuta safi. Injini za kisasa hunyunyiza dizeli kwa vitundu vidogo sana. Mchanga huviziba. Maji huleta kutu. Dizeli hulainisha pampu. Ikichanganywa na mafuta ya taa, pampu husagika.

Basi chuja dizeli. Funika pipa. Liache litulie, na usichote ya chini kabisa. Mashine ya kijiji ikifa, mama zetu watabeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha mbali.

MASWALI
1. Diesel alizaliwa wapi?
2. Mafuta huwakaje bila cheche?
3. Kijijini kwenu dizeli huwekwa wapi? Je, ni safi?