David Keilin: Aliyeona chuma kikifanya kazi ndani ya hamira

Hamira unayotia kwenye maandazi ndiyo iliyompa David Keilin jibu. Alikuwa Cambridge, Uingereza, akichungulia maji yenye hamira kwa spektroskopu, kifaa kinachotawanya mwanga kuwa rangi za upinde wa mvua. Katikati ya rangi akaona mistari minne myeusi. Akatikisa tyubu ili hewa iingie. Mistari ikapotea! Akaiacha itulie kidogo, ikarudi.

Kumbe zilikuwa protini zenye chuma. Oksijeni ikiisha, mistari inajitokeza. Ikipatikana, chuma kinapoteza elektroni na mistari inafifia. Yaani upumuaji wa seli ukawa unaonekana kwa macho, na seli bado ni hai.

Keilin alizaliwa Moscow mwaka 1887, wazazi wake Wapoland. Pumu ilimsumbua maisha yote. Alianza udaktari Liège, Ubelgiji, kisha akaenda Paris. Inasimuliwa kwamba siku moja aliingia ukumbini kujikinga na mvua, akamkuta Maurice Caullery anafundisha biolojia, akanogewa. Basi akaishia kusomea nzi.

Mwaka 1915 akahamia Cambridge, na nzi hao hao wakamfungulia njia. Alikuwa anafuatilia himoglobini ya nzi ambaye mabuu wake huishi tumboni mwa farasi. Kwenye misuli ya mabawa ya nzi wazima akaikuta ile mistari minne, ambayo si ya himoglobini.

Lakini hakuwa wa kwanza. Miaka ya 1880 daktari wa Wolverhampton, Charles MacMunn, aliiona mistari hiyo katika wanyama wengi, akaandika. Mkemia mkubwa wa Ujerumani, Felix Hoppe-Seyler, akampinga: hiyo ni himoglobini tu iliyoharibika. Nani angemsikiliza daktari wa mtaani mbele ya bingwa? Habari ikazimika, na MacMunn akafariki mwaka 1911.

Keilin angeweza kukaa kimya, maana wachache walikumbuka. Kwenye makala yake ya 1925 akamtaja MacMunn waziwazi kuwa ndiye aliyetangulia. Yeye akaziita protini hizo saitokromu, na akaonyesha ni zaidi ya moja: a, b na c.

Nobel hakuipata. Alifariki mwaka 1963 akiwa bado anaandika kitabu cha historia ya upumuaji wa seli. Binti yake, Joan, alikikamilisha, kikatoka mwaka 1966. MacMunn yumo.