Khabari za Sheikh Ramiya wa Bagamoyo

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hii ni khabari ya Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana na watu kwa jina la Sheikh Ramiya, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Asili yake ni Manyema, mashariki ya Kongo. Alikuja pwani hali ni mtoto, tena mtumwa, zama zile njia ya misafara ilipokuwa ikitoka Manyema, ikavuka ziwa hata Ujiji, ikapita Tabora, ulipo mtaa wa Gongoni, hata ikakoma Bagamoyo baharini. Akawa mtumwa wa Amir bin Sulaiman al-Lamki, aliyekuwa Liwali wa Bagamoyo.

Na ieleweke hali ya chuo siku zile. Mzazi alimpeleka mwanawe kwa mwalimu na ada mkononi, akatoa tena mtoto akikhitimu. Fukara asiye na kitu, mwanawe alilipa kwa mikono: kuteka maji, kukata kuni, kulima shamba la mwalimu, na mwenye kulima sana husoma kidogo. Lakini mtumwa alikuwa chini ya fukara, kwani hata mikono hiyo haikuwa yake, wala hakuwa na baba wa kumpeleka chuoni. Wengi walifundishwa Fatiha na namna ya kusali, basi. Waungwana wengine waliona hayo yawatosha, na hilo lilikuwa kosa lao, kwani faradhi ya kutafuta ilimu haikumbagua mtumwa.

Yahya hakutosheka. Alisoma kwa masheikh wa Bagamoyo, na riziki yake aliitafuta kwa kuuza samaki, hata baadaye akapata mashamba ya minazi. Akaingia tarika ya Qadiriya, akapewa ukhalifa. Mji uliokuwa ukipima watu kwa nasaba ukamwita Sheikh.

Akafundisha, na wengi waliomjia walikuwa watu wa bara na waliotoka utumwani, Wamanyema wenzake na wengineo. Sheria ya Wadachi iliwafanya huru waliozaliwa baada ya mwaka 1905, na utumwa ukaondoshwa kabisa Tanganyika mwaka 1922. Lakini uhuru wa karatasi haukumpa mtoto ubao wala juzuu. Mahali pa kukaa wakasoma walipapata kwake.

Alifariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad bin Ramiya, akashika mahali pake, na maulidi ya Bagamoyo yakaendelea kuwakusanya watu wa pwani na wa bara.